Wa Nani? Wanawake wa Ufipa katika Hadithi za Enzi ya Ukoloni

Ufipa, wanavyosimulia wazee, ilianzia Milansi, kijiji kilicho katikati ya uwanda wa juu, karibu na mlima Itwelele. Hapo ndipo alipokaa Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni. Baada yake wakafuata wafalme wa Milansi, watu wa chuma na matambiko. Siku moja mfalme alitoka kwenda kuwinda, na kabla ya kuondoka akamwonya mkewe: watakuja wageni, usiwape kigoda changu. Wageni wakaja kweli. Walikuwa wanawake, ndugu watatu, watu wa mbali. Wakaomba pa kukaa. Mke wa mfalme, iwe kwa hofu au kwa ukarimu, akatoa kigoda. Mfalme aliporejea alimkuta mgeni amekikalia, na kwa desturi ya nchi ile shauri lilikuwa limekwisha. Ikabaki kupatana: mgeni atwae utawala wa Ufipa, mfalme abaki na Milansi na mlima wake, pamoja na haki ya kushiriki kuwasimika watawala wapya. Ndivyo nasaba ya Watwa ilivyoingia, na baadaye ikagawanyika pande mbili, Nkansi na Lyangalile.

Wapo wanaoipokea hadithi hii kwa furaha, kama cheti cha kuthibitisha kwamba dola la Ufipa liliasisiwa na wanawake. Mimi huisoma kwa wasiwasi zaidi. Wanawake wale wanaingia siku moja, wanakalia kigoda, kisha simulizi inawaacha. Wanaofuata kwenye orodha ya watawala ni wanaume, Mwene mmoja baada ya mwingine. Na ukiuliza nchi ilipoteaje, jibu liko tayari: mke hakusikia la mumewe. Kwa hiyo mwanamke mmoja anatumika kuleta utawala mpya, mwingine anabebeshwa lawama ya kuupoteza wa zamani, na katikati yao wanaume wawili, wa zamani na wa baadaye, wanagawana nchi bila kugombana.

Kuna jambo jingine linalonivuta zaidi. Katika jamii za uwanda ule, kama katika jamii nyingi za enzi hiyo, mtu aliyefika kijijini aliulizwa kwanza ni wa nani: mtoto wa nani, mke wa nani, mtu wa Mwene yupi. Wageni watatu wa Milansi hawana jibu. Hawana mume, hawana baba anayetajwa njiani, hawana kaka wa kuwasemea. Hilo ndilo linalowafanya watishe. Mwanamke asiye wa mtu yeyote anaweza kuketi popote. Simulizi ikishawapa wana wa kuwarithi, hofu inatulia, kwa sababu sasa wamekuwa mama wa fulani.

Swali hilo la "wa nani?" ndilo nitakalolifuata, kwa kuwa ukoloni ulipofika Ufipa ulikuta swali hili lina majibu yake, ukaongeza mengine, na ukayaandika yote.

Aliyeandika kwa kina mapema kabisa alikuwa Adolphe Lechaptois, wa shirika la Mapadre Weupe, aliyesimamia misheni za upande huu wa Ziwa Tanganyika kuanzia 1891 mpaka alipofariki 1917. Kitabu chake, Aux rives du Tanganika, kilitoka 1913 kwa Kifaransa, nacho kikawa ghala la mambo ya Wafipa kwa kila aliyekuja baadaye. Enzi hizo waandishi wa Ulaya walishikilia nadharia iliyokuwa ikitembea Afrika yote ya maziwa makuu: kwamba penye utawala wenye mpangilio, lazima pamepita wageni wafugaji kutoka kaskazini, watu wa damu tofauti na wenyeji wakulima. Hadithi ya Milansi ikaangukia mikononi mwa nadharia hiyo kama embe bivu. Kilichotakiwa kwa wale wanawake watatu kikawa ni kujua walitoka wapi na walikuwa kabila gani. Kwamba walikuwa wanawake halikuwa na uzito.

Waingereza nao walikuwa na haja zao. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala kupitia machifu, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, maofisa wa wilaya walitakiwa kujua chifu halali ni yupi na kwa haki gani. Simulizi za asili zikawa hati za kesi. Mzee aliyekuwa akisimulia kando ya moto sasa alisimulia mbele ya ofisa mwenye kalamu, akijua kwamba kila neno linaweza kumpa mtu mshahara au kumnyima. Katika mazingira hayo simulizi hukazwa upande wenye faida: nani alimzaa nani, nani alimsimika nani. Yale mazungumzo ya wanawake wawili mlangoni, mwenyeji na mgeni, hayakuwa na faida kwa yeyote aliyekuwa barazani.

Mwanaanthropolojia Roy Willis alifika Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa imepata uhuru karibuni. Kwa maoni yangu hakuna mgeni aliyeisikiliza hadithi hii vizuri kumzidi. Katika makala yake ya 1967 na kitabu chake cha 1981 kuhusu kuundwa kwa dola la Ufipa, alionyesha kwamba Wafipa waliuona mwili wa binadamu na nchi yao kwa mpangilio mmoja: kichwa na kiuno. Milansi ni kichwa, penye akili, ukale na mamlaka ya kiume. Watwa ni kiuno, upande wa kike, wa nguvu, uzazi na mwendo. Kila upande unauhitaji mwingine. Ni usomaji mzuri, unaoonyesha kwamba uke ulikuwa katikati kabisa ya fikra za utawala. Lakini hata hapo mwanamke amebaki kuwa upande wa mlinganyo, tena upande wa chini. Akili imepewa mwanamume tangu mwanzo, na hakuna anayeuliza kama mgeni aliyeomba kigoda alikuwa ametumia akili kuliko wote waliokuwepo siku ile.

Fikra hiyohiyo ilijengwa pia kwa udongo. Ukipita Nkansi utaona mabaki ya malungu, matanuru ya kuyeyushia chuma, mengine marefu kumpita mtu mzima, yakiwa yamesimama karibu na vichuguu ambavyo udongo wake ulitumika kuyajenga. Tanuru la Kifipa halikuhitaji mivukuto katika hatua ya kwanza. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru dogo, hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Maofisa wa Kiingereza waliikuta kazi hii ikielekea ukingoni, na mmoja wao, Greig, aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Watafiti wa baadaye, akiwemo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameichimba kwa undani zaidi.

Kwa wahunzi, tanuru lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, likatiwa dawa, na wahunzi waliliendea kama mume anavyomwendea mke mpya. Wakati wa kuyeyusha walikaa mbali na wake zao, na mwanamke, hasa aliye katika siku zake, hakuruhusiwa kusogea. Kilichotoka tumboni mwa tanuru kilikuwa mtoto. Tazama basi mzunguko wake. Wanaume wanaoa tanuru, tanuru linazaa chuma, chuma kinafuliwa jembe, majembe yanalipwa mahari, na mahari inamleta nyumbani mwanamke ambaye atalishika jembe lile shambani, kwenye matuta ya mboji ambayo Wafipa huyaita ntumba. Mwanamke wa udongo anatukuzwa, na mwanamke wa damu anawekwa mbali na moto. Jembe la kiwandani liliposhinda sokoni, malungu yalizimika na wahunzi wakapoteza ukuu wao, lakini aliyelima aliendelea kulima.

Hapo nyuma, kabla Mjerumani hajajenga boma lake Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, Ufipa ilikuwa imepita karne ya misukosuko. Wangoni wa Zwangendaba walifika uwandani, na kiongozi wao alifia huko, mahali paitwapo Mapupo, katika miaka ya 1840. Baada yao zikaja misafara ya pembe na watumwa. Upande wa kusini Wabemba walikuwa wakiteka vijiji; katika bonde la Rukwa akaibuka Kimalaunga, mwindaji wa tembo aliyegeuka mtawala wa mabavu, akawasumbua watu wa Lyangalile. Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyevuka Ufipa mwaka 1880 na kufika kwa Mwene Kapufi, aliuona uwanda kuwa mahali penye utulivu kuliko kwingi alikopita, penye mashamba na wafumaji wa nguo za pamba. Huenda alisema kweli juu ya alichokiona. Lakini utulivu wa uwandani ulizungukwa na ukanda mrefu, kutoka Nyasa hadi Tanganyika, ambamo mwanamke na mtoto walikuwa bidhaa inayobadilisha mikono kama shanga.

Hapa ndipo, kwa bahati ambayo historia haiitoi mara nyingi, tunapata sauti zao. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi na mumewe Utengule, Usafwa, ng'ambo ya bonde la Rukwa, alikuwa na tabia ya kuketi na watu na kuandika walichomweleza juu ya maisha yao. Alichapa kwa Kijerumani, na sehemu ikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1932. Miaka mingi baadaye, mwaka 1993, mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya upya simulizi hizo, pamoja na nyingine za ukanda huohuo, katika kitabu kuhusu mbinu za watumwa na wanawake. Neno "mbinu" pale lina haki yake.

Bibi Narwimba ni mmoja wa waliosimuliwa humo. Mumewe, Sambi, alipofariki, alibaki mjane mwenye watoto katika nchi ambayo mjane asiye na mtu ni chambo. Alichofanya ni kumwendea Mirambo, mrithi wa nafasi ya mumewe, na kumwomba amchukue awe mke wake. (Si Mirambo yule wa Unyamwezi, jina hilo lilipendwa.) Aliomba kwa kinywa chake mwenyewe, na sababu aliyoitoa ilikuwa moja, apate ulinzi.

Tukisoma harakaharaka tutasema: huyu hapa mwanamke aliyejisalimisha kwa mfumo dume. Taratibu kidogo. Narwimba alijua kwamba swali la "wa nani?" lingeulizwa tu, kama si na mwenyeji basi na mtekaji. Hakuwa na uwezo wa kulifuta. Uwezo aliokuwa nao ni kuwahi kulijibu kabla hajajibiwa na mwingine. Hiyo ni siasa, na ni siasa ileile ya mgeni aliyeomba kigoda Milansi, ila Narwimba hakuwa na nasaba ya kumwandikia ushindi. Umri ulivyosonga, kinga aliyoinunua kwa ndoa ilipungua thamani, maana mwanamke asiyezaa tena na asiye na kaka wenye nguvu alikuwa wa kwanza kusahauliwa nyakati mbaya. Uzeeni alikuja kuishia misheni, na hapo ndipo alipopata mtu wa kumsikiliza.

Mwingine ameingia vitabuni kwa majina matatu: Chisi, Ndjurisiye, Sichyajunga. Alitekwa angali mtoto, akapita mikono baada ya mikono, akawa mke, akakimbia, akaanza tena. Majina yake yanaonyesha vituo vya safari hiyo. Mwanamume wa enzi hizo aliyebadili jina mara tatu tungesema ametukuka: amepanda cheo, ameua simba, amepewa jina la uchifu. Kwake kila jina lilimaanisha nyumba mpya ya watu wengine. Na bado ni yeye aliyeyashika yote matatu mpaka mwisho, akayasimulia kwa mpangilio, akajifanya mtu mmoja kutokana na vipande vile. Kama kuna riwaya ya utambulisho wa mwanamke iliyotungwa katika ukanda huu kabla ya riwaya, ndiyo hiyo. Mwaka 1938 ilitoka Ujerumani kama kijitabu cha misheni.

Wa tatu ni Mama Meli, aliyetekwa na Wabemba akiwa msichana mdogo, akaokolewa njiani na Wazungu, akalelewa katika misheni ya Kawimbe, karibu na Mbala, hatua chache kusini mwa mpaka wa Ufipa. Habari zake zilichapishwa kwa Kimambwe katika miaka ya 1950, lugha ambayo husikika pia upande wa Tanzania, huko Kalambo. Kisa cha Meli kinaonyesha zamu mpya ya swali letu. Msichana asiyejulikana kwao akifika umri wa kuolewa, nani atapokea posa? Wamisionari wakajikuta wamekaa kwenye kiti cha baba. Walikuja kuvunja minyororo, na hakika waliivunja, kisha wakarithi madaraka ya mzee wa ukoo: kukubali mchumba, kukataa mchumba, kusema binti huyu ni wetu.

Simulizi hizi zote tatu zilipita kwenye kalamu za misheni, na misheni ina muundo wake wa hadithi: giza, mateso, nuru. Msomaji makini atauona muundo huo ukivuta maneno kuelekea mwisho unaotakiwa. Hata hivyo mambo mengi yanaponyoka. Mwanamke anaposimulia kwa kirefu ni nani alimpa chakula, nani alimficha, ni njia ipi aliyoshika usiku, kisha akaipitia ibada ya ubatizo kwa sentensi mbili, tunajua mwenyewe aliyapima vipi mambo yake.

Ufipa yenyewe ilikuwa chini ya kivuli cha misheni nyingine. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilianza kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, ngome yenye kuta, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadre Weupe. Kutoka Karema na vituo vya ufukweni Ukatoliki ukapanda uwandani, na kufikia katikati ya karne ya 20 Ufipa ikawa miongoni mwa sehemu zenye Wakatoliki wengi kupita zote nchini. Mwanzoni waliojaa Karema walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Wavulana walifundishwa, wasichana walifundishwa, kisha wakaozeshwa wao kwa wao na kupewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni. Familia ya Kikristo ilitengenezwa kwa mpango, kama bustani.

Maarufu kuliko wote wa Karema ni Adrian Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo mpaka kifo chake mwaka 1956. Mwaka 1946 jarida lilelile lililochapisha habari za malungu lilitoa maelezo ya maisha yake kama alivyoyaandika mwenyewe. Mkewe aliitwa Agnes. Mumewe alikuwa mgeni kabisa, hana ukoo hata mmoja mashariki mwa Afrika, na mtu wa namna hiyo hupata mizizi kwa kuoa. Kwa maneno mengine, daktari alipoulizwa wa nani, jibu lake Karema lilipitia kwa Agnes. Lakini ukitafuta habari za Agnes leo utazikuta ndani ya habari za mumewe, kwa sentensi moja au mbili.

Kisha lilikuja jambo ambalo hakuna mzee wa Kifipa aliyelitegemea: binti anayekataa kuolewa na hafukuzwi. Masista Weupe walifika Karema katika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Askofu Lechaptois, wasichana wa Kiafrika wakaanza kulelewa kuwa watawa. Shirika lililokua kutokana nao ndilo linalojulikana leo kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika, miongoni mwa mashirika ya kwanza ya watawa wazalendo nchini.

Ni vigumu leo kuupima mshtuko ule. Baba aliyemlea binti alitarajia mahari, na mahari hiyo mara nyingi ilikuwa ndiyo njia ya kaka zake nao kuoa. Mama alitarajia wajukuu. Katika malezi ya Kifipa mtoto aliyeachishwa ziwa aliweza kuhamia kwa bibi yake, kulala huko na kukulia huko. Bibi asiye na wajukuu nyumbani alikosa wa kumtuma maji na wa kumrithisha hadithi. Utawa ulikata vyote viwili. Mwanahistoria Kathleen Smythe, aliyezungumza na wazee na watawa wa Nkansi kwa ajili ya kitabu chake cha 2006 kuhusu familia za Kifipa, ameonyesha kwamba mvutano mkubwa kati ya misheni na wazazi ulihusu hilo hasa: nani ana haki juu ya watoto, na uzazi wa jamii utaendelezwa na nani. Ameonyesha pia kwamba desturi ileile ya watoto kulala nje ya nyumba ya wazazi iliwarahisishia mapadre kazi. Watoto walikuwa wamezoea kulelewa na wasio wazazi wao. Shule ya bweni ilikuwa hatua moja mbele.

Kwa binti mwenyewe, utawa ulikuwa na sura mbili na sioni haja ya kuificha yoyote. Alitoka mikononi mwa baba akaingia mikononi mwa askofu, akavaa vazi aliloamriwa, akapewa jina aliloamriwa, akatumwa alikotumwa. Lakini pia alisoma, alifundisha, alitibu, alitunza hesabu za zahanati, alisafiri, na hakupigwa na mume. Alipoitwa "mama" na watu wasio watoto wake, uzazi ulikuwa umepata maana ambayo wazee hawakuipanga. Narwimba aliomba kuolewa ili apate kinga. Msichana wa Karema aliomba kutoolewa, kwa sababu iliyofanana nayo sana.

Wanawake wengi, bila shaka, hawakwenda utawani. Enzi ya Mwingereza iliwaletea mambo mawili makubwa. La kwanza ni mahakama. Sheria ya 1922 ilipofuta utumwa Tanganyika, wanawake wengi waliowahi kununuliwa walikuwa tayari wanaishi kama wake. Mume aliyemnunua mwanamke zamani hakupoteza sana. Alichobadili ni neno tu, na kwa kuwa mahakama za wenyeji ziliongozwa na wazee wanaume, ndoa ilizungumzwa hapo kama suala la nani alilipa nini kwa nani. La pili ni safari za wanaume. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta vijana wa ukanda mzima katika miaka ya 1920 na 1930, na mashamba ya mkonge yakachukua manamba wengine kwa mikataba. Kodi ilidai fedha taslimu, nazo hazikupatikana uwandani kirahisi. Waliobaki walilima ntumba, wakapika pombe ya ulezi na kuiuza, wakalea. Kwenye ripoti za wilaya mwanamume aliyesafiri ni "nguvukazi" na mwanamke aliyebaki na shamba zima hana jina la kazi.

Wakati huohuo fasihi ya Kiswahili ilikuwa inajifunza kuandika riwaya. Mwaka 1934 James Mbotela wa Mombasa alitoa Uhuru wa Watumwa, masimulizi ya waliokombolewa na kukaa Frere Town, yaliyojengwa juu ya habari alizozipata kwa baba yake. Ni kitabu cha Karema nyingine, ya pwani: watumwa, Wazungu wakombozi, kijiji cha misheni. Hadithi inapokelewa na mtoto wa kiume kutoka kwa baba. Shaaban Robert alivunja desturi kwa kumwandikia kitabu kizima mwanamke aliyeishi kweli, Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki 1950. Wasifu wake ulitoka 1958. Hapo mwanamke wa ukoo wa kimaskini anapata jina kwa sauti yake, ingawa mwandishi anamwongoza msomaji kwa mkono amstahi kama kielelezo cha maadili.

Aliyeuliza swali la "wa nani?" bila huruma alikuwa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika, mwaka 1971. Mandhari ni Ukerewe, lakini msichana aliyesoma shule ya masista Ufipa angekitambua kila chumba. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapelekwa shule ya bweni ya wasichana, mahali ambapo ulinzi na woga ni kitu kimoja, na akitoka huko hajui afanye nini na mwili ambao maisha yake yote umekuwa ukilindwa na wengine. Riwaya ilizuiwa shuleni kwa muda. Waliokasirika walisema inaharibu wasichana. Mimi naona kilichouma ni kwamba iliwaonyesha baba na sista wakifanya kazi moja, kila mmoja kwa zamu yake, na hapakuwa na zamu ya Rosa.

Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Iliruhusu mvulana kuoa akiwa na miaka 18 na msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Kifungu cha 17 kilieleza nani atoe ridhaa kwa msichana ambaye hajafikisha miaka 18: baba yake, baba akiwa amekufa, mama, wote wakiwa wamekufa, mlezi. Mama aliyemzaa anapata neno juu ya ndoa ya binti yake siku anapokuwa mjane. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alifungua kesi Mahakama Kuu, nayo ikatamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.